Moshi wa Dhahabu Mkoani Mara: Sumu Isiyo na Rangi

Katika mwezi wa Machi 2022 wakazi wa kando ya Mto Mara walishuhudia jambo lililowashtua. Mto huo huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria karibu na mji wa Musoma. Maji yake yaligeuka meusi na kutoa harufu mbaya, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali ilizuia matumizi ya maji hayo kwa muda, ikaunda kamati ya wataalamu, na kamati ikatoa taarifa kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza oksijeni ndani ya maji. Wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo, kwa kuwa fikra zao zilikuwa zimekwisha kuelekea kwenye migodi ya dhahabu. Mjadala ukawa mkali.

Makala haya hayakusudii kuufufua mjadala huo. Yanakusudia kuonyesha kwamba hofu yetu, ijapokuwa ni ya haki, imezoea kuelekea upande mmoja tu. Twaogopa maji yakibadilika rangi. Twaogopa samaki wakifa. Lakini katika mkoa huu iko sumu isiyobadilisha rangi ya kitu chochote, isiyo na harufu, ambayo watu huivuta kifuani siku kwa siku pasipo kamati yoyote kuundwa. Sumu hiyo ni mvuke wa zebaki unaotoka katika moto wa kuchomea dhahabu. Rai yetu ni kwamba moshi huu ndio unaostahili kushughulikiwa kwanza, na kwamba shule za sekondari za Musoma, Bunda na Butiama zina uwezo wa kufanya kazi kubwa katika jambo hili kuliko zinavyodhani.

Zebaki hufanya kazi gani mgodini?

Dhahabu ya mkoa wa Mara si jambo geni. Buhemba na Kiabakari, ambazo leo zimo katika wilaya ya Butiama, zilikuwa na migodi tangu enzi ya ukoloni. Kampuni zilikuja zikaondoka, na mahali pengi zilipoondoka wachimbaji wadogo waliingia, wakachimba maduara yao na kuyarudia marundo ya mchanga ulioachwa. Bunda nayo ina wachimbaji wadogo, kwa mfano wale wa Kinyambwiga. Familia nyingi hupata ada ya shule, bati la nyumba na chakula cha kila siku kutokana na kazi hiyo. Jambo hili lisisahauliwe na yeyote anayetaka kuzungumza juu ya sumu, maana mtu hatoi kwa hiari kinachompa riziki kwa sababu tu mgeni amemwambia kuwa ni kibaya.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Mawe huvunjwa, yakasagwa kwenye karasha hata yakawa unga. Unga huoshwa kwa maji mwaloni ili vitu vizito vibaki na vyepesi vichukuliwe. Katika masalio hayo mazito hutiwa zebaki, metali ya ajabu ambayo katika joto la kawaida ni kiowevu. Zebaki ni nzito mno: lita moja yake ina uzito wa kilo 13.6, hata chupa ndogo ya soda ikijazwa zebaki huwa na uzito wa karibu kilo 5. Sifa yake wanayoitaka wachimbaji ni kwamba huishika dhahabu na kuungana nayo, ikayaacha mawe. Muungano huo huitwa amalgamu. Mchimbaji huukamua katika kitambaa, akapata donge la rangi ya fedha ambalo aghalabu karibu nusu ya uzito wake ni zebaki.

Limebaki jambo moja, nalo ni kuitenga dhahabu na zebaki. Hapo ndipo moto unapoingia. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, lakini dhahabu haiyeyuki hata joto lifike nyuzi 1064. Donge likiwekwa juu ya makaa, zebaki karibu yote hugeuka mvuke ikaenda zake, na dhahabu husalia katika kijiko. Mchimbaji hufurahi, kwa kuwa kile alichokitaka kimebaki. Kile kilichoondoka hakukiona kikienda.

Hesabu moja ya darasani

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu ifuatayo. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wastani wa mvuke wa zebaki katika hewa, kwa mwaka mzima, usizidi mikrogramu 1 katika mita moja ya ujazo. Gramu moja ina mikrogramu milioni 1. Basi gramu moja tu ya zebaki yatosha kuzifikisha mita za ujazo milioni 1 katika kiwango hicho. Tuseme darasa lina urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 144. Gramu hiyo moja ingetosheleza hewa ya madarasa karibu 7,000. Donge dogo la gramu 10, ambalo nusu yake ni zebaki, lina zebaki ya kutosheleza madarasa karibu 35,000.

Bila shaka katika uwanda wa wazi upepo huuchukua mvuke na kuutawanya. Lakini donge hilo likichomwa jikoni, au katika kibanda cha mabati chenye mlango mmoja, mvuke hauna pa kwenda. Sehemu yake hupoa na kujishika katika kuta, dari, nguo na vyombo. Kesho yake jua likipiga juu ya bati, zebaki ile ile hunyanyuka tena hewani. Hata zebaki iliyoachwa wazi katika chombo, pasipo moto wowote, hutoa mvuke. Hewa iliyofungiwa pamoja nayo katika joto la nyuzi 20 inaweza kubeba zaidi ya miligramu 13 katika kila mita ya ujazo, yaani zaidi ya mara 13,000 ya kiwango tulichokitaja.

Iko sababu nyingine ya kuuogopa mvuke kuliko kiowevu. Mtu akimeza tone la zebaki, karibu lote litapita tumboni na kutoka, kwa kuwa matumbo hulinyonya chini ya sehemu moja katika elfu kumi. Lakini akiuvuta mvuke wake, mapafu hunyonya karibu asilimia 80, na damu huuchukua mpaka kwenye ubongo na figo. Hapa ndipo lilipo kosa la fikra linalowapoteza wengi. Mchimbaji ameishika zebaki kwa vidole miaka kumi, pengine amewahi hata kuimeza kwa bahati mbaya, na hakufa. Kwa hiyo huwacheka wanaomwonya. Ushahidi wake ni wa kweli, lakini hitimisho lake si la kweli. Ameipima sumu katika njia ambayo hupita kwa shida, akaiacha njia ambayo hupita kwa urahisi.

Kikulacho ki nguoni mwako

Dalili za mvuke wa zebaki huja polepole. Mikono hutetemeka, usingizi huruka, kumbukumbu hufifia, ufizi huvimba, na mtu aliyekuwa mpole huwa mwenye hasira au mwenye haya isiyo na sababu. Figo nazo huharibika. Hakuna hata moja kati ya dalili hizi ambayo haiwezi kusingiziwa jambo jingine: malaria, ulevi, uzee, hata uchawi. Ndiyo maana sumu hii huweza kukaa katika kijiji kwa miaka mingi pasipo kuitwa kwa jina lake.

Tena si mchimbaji peke yake anayeipata. Methali yetu ya kikulacho ki nguoni mwako katika jambo hili yafaa kuchukuliwa kama ilivyo, neno kwa neno. Zebaki hurudi nyumbani katika shati la baba. Hukaa katika kanga ya mama aliyekwenda mwaloni na mtoto mgongoni. Mtoto mdogo huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, na ubongo wake ungali unajengwa. Kwa mama mjamzito, mvuke wa zebaki hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye hajazaliwa. Mtoto huyo hakuchimba kitu, wala hakuuza kitu, naye analipa.

Je, samaki wetu wana sumu?

Swali hili huulizwa mara tu zebaki inapotajwa, na lastahili jibu la uangalifu. Sababu ya hofu ni Minamata, mji wa Japani ambao mnamo 1956 ulitambulika kuwa na ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga baharini zebaki iliyoungana na methili. Kiasi kidogo kilichokuwa majini kiliingia katika viumbe vidogo, vikaliwa na samaki wadogo, nao wakaliwa na wakubwa, na katika kila ngazi sumu ikazidi kukolea mpaka ikamfikia mwanadamu mezani. Watu walikufa, na watoto wakazaliwa na vilema. Hata hivyo umwagaji ule haukukoma mpaka 1968.

Bakteria wa tope la ziwa wanaweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili. Kwa hiyo hatari hiyo ipo kwetu pia, na kwa kanuni ile ile sangara mkubwa hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa. Lakini sayansi hutaka vipimo. Katika miaka ya 1990 Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Hirokatsu Akagi wa Japani, walipima samaki katika maeneo ya dhahabu ya kusini mwa ziwa, na kwa jumla viwango walivyovikuta vilikuwa vya chini. Miaka hiyo hiyo Daktari Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwatibu na kuwatetea wagonjwa wa Minamata, alikuja na wenzake wakapima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Baadhi ya wachimbaji walikuwa na dalili za sumu ya zebaki. Wavuvi kwa jumla hawakuwa na viwango vya kutisha. Na miongoni mwa watu waliokuwa na zebaki nyingi mno walikuwamo wale ambao chanzo chake kilishukiwa kuwa sabuni ya kujichubulia ngozi, iliyotengenezwa kwa zebaki.

Tujifunze mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, sumu ilikutwa mahali ambapo wengi hawakuitarajia, katika sabuni ya bafuni. Na wanafunzi wetu, wasichana kwa wavulana, hawana budi kulijua hilo. La pili, si haki kumtisha mama wa Musoma asiwape watoto wake dagaa, chakula bora na cha bei nafuu, kwa sababu ya uvumi. Vipimo vile vya zamani havikuwa vya Mara, wala havitoshi kuitetea Mara ya leo. Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Jinja. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu. Maji ya bomba ya mji wa Musoma hutoka ziwani, na mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama huchota humo humo. Kwa sababu hiyo yafaa samaki na maji yapimwe mara kwa mara, na majibu yabandikwe mahali ambapo mwananchi wa kawaida ataweza kuyasoma. Uvumi hustawi pale ambapo vipimo vimefungiwa kabatini.

Wakubwa na wadogo

Watakuwapo watakaosema: mbona mnamsumbua mchimbaji mdogo, na migodi mikubwa ndiyo yenye mabwawa ya sumu? Swali hili si la kupuuzwa. Mnamo 2009 maji yenye kemikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia katika mto Tigithe, ambao maji yake huelekea Mto Mara. Wananchi walilalamika kwa uchungu. Mnamo Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6, na Julai ya mwaka huo likaamuru bwawa la mabaki lisitumike mpaka uvujaji udhibitiwe. Kampuni kubwa yapasa kubanwa na sheria, na wanaoibana wasichoke.

Lakini tazama tofauti iliyopo. Bwawa la kampuni lina mahali pake, lina jina, lina mtu wa kumshtaki. Moshi wa vibanda mia moja hauna jina. Hakuna anayeweza kuutoza faini, wala hakuna mwandishi wa habari atakayekuja kuupiga picha. Kuyashughulikia mabwawa na kuusahau moshi ni sawa na kuziba paa na kuacha mlango wazi. Tena mambo hayo mawili sasa yanakaribiana. Mahali pengi mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki hupelekwa katika matangi ya sayanaidi ili dhahabu iliyosalia itolewe. Sayanaidi huiyeyusha zebaki iliyobaki mchangani na kuifanya isafiri katika maji kwa wepesi zaidi. Sumu mbili zikikutana hivyo, ubaya wa kila moja huongezeka.

Kupiga marufuku pekee hakutoshi

Mkataba wa Minamata juu ya Zebaki ulipitishwa mnamo 2013 na kuanza kutumika mnamo 2017. Tanzania iliutia saini mwaka ule wa 2013, ikauridhia mnamo 2020. Mkataba huo unayataja matendo manne ambayo kila nchi yenye uchimbaji mdogo wa dhahabu inapaswa kuyakomesha: kuitia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa badala ya masalio mazito peke yake, kuchoma amalgamu katika moto wa wazi, kuichoma katika makazi ya watu, na kutumia sayanaidi katika mchanga wenye zebaki pasipo kuiondoa zebaki kwanza. Laiti matendo hayo manne yangeandikwa kwa Kiswahili chepesi katika ukuta wa kila karasha, tungekuwa tumepiga hatua.

Wapo wanaotaka zaidi ya hayo. Husema zebaki ipigwe marufuku kabisa, leo hii. Nia yao ni njema, na mwisho wa safari ni huko. Lakini marufuku isiyotanguliwa na elimu wala njia nyingine ya kupata dhahabu haiizimi moto; huusukuma moto uhamie ndani ya nyumba, usiku, nyuma ya mlango uliofungwa. Yaani hupeleka mvuke mahali pale pale tunapotaka usifike.

Habari ya jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, yatufundisha. Mnamo 2010 ilitambulika kwamba watoto walikuwa wakifa kwa wingi katika vijiji vya wachimbaji wa dhahabu. Mawe ya huko yalikuwa na madini ya risasi, na yalisagwa majumbani, vumbi likaenea katika nyua ambamo watoto walicheza. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Miongoni mwa mambo yaliyochelewesha msaada ni kwamba baadhi ya wanavijiji walificha vifo kwa hofu ya kunyimwa kazi yao. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yafaa pia kumwuliza mtu huyo ni nani aliyemtia hofu hata akaficha. Sera njema ni ile inayomwezesha mchimbaji kusema waziwazi anachofanya.

Somo lililomo vitabuni

Sasa twafikia neno letu kwa walimu na wanafunzi. Kila mwanafunzi wa kemia hujifunza kwamba kiowevu kikichemshwa hugeuka mvuke, na mvuke ukipozwa hurudi kuwa kiowevu. Huchora chupa, bomba na maji ya kupoza, akapata alama zake katika mtihani, akasahau. Lakini mchoro huo ndio dawa ya Buhemba. Kifaa kiitwacho retoti si kingine ila hicho. Ni chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linaloteremka hadi kwenye maji baridi. Amalgamu huwekwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke hupita katika bomba, hupoa, na zebaki hudondoka ndani ya maji tayari kutumika tena. Kikitumiwa vizuri hunasa zebaki hata zaidi ya asilimia 90. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa vipande vya bomba la chuma, asitumie alumini, kwa kuwa zebaki huila. Hata hivyo kitumiwe nje, mbali na nyumba, na kisifunguliwe kabla hakijapoa.

Mbona basi hakitumiki kila mahali? Wachimbaji wana sababu zao, nazo si za kijinga. Kazi huchukua muda mrefu zaidi. Dhahabu haionekani ikiwa ndani ya chuma, na mtu huogopa kwamba nyingine itapotea au itaibwa. Haya ni maswali ambayo amri haiyajibu. Huyajibu majaribio yaliyofanywa mbele ya macho ya watu: pima donge, choma, pima dhahabu, pima zebaki iliyorudi, jumlisha. Mchimbaji akiona kwamba jumla imetimia, na kwamba zebaki aliyoinunua kwa fedha zake imerudi mkononi, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kukitumia. Iko pia njia ya kutumia boraksi badala ya zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Benguet nchini Ufilipino wameitumia kwa miongo mingi na ambayo imejaribiwa hata hapa Tanzania.

Si mara ya kwanza nchi yetu kufanya jambo la namna hii. Mnamo 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kujifunza, na watu wapatao milioni 2 wakajadili maji safi, vyoo na malaria, kisha wakatoka wakachimba vyoo kwa mikono yao. Mwaka uliofuata, mnamo Novemba 1974, ni katika mji huu wa Musoma ambamo Azimio la Musoma lilipitishwa, likihimiza elimu kwa wote na elimu inayoshikana na kazi. Itakuwa ajabu iwapo mkoa uliolipa azimio lile jina utakuwa na wanafunzi wanaojua kuchora chombo cha kukenekea, na nusu saa kutoka shuleni kwao watu wakawa wanavuta zebaki kwa kukosa chombo hicho hicho.

Twapendekeza basi mambo haya. Klabu za sayansi za shule zilizo karibu na machimbo zikae na wachimbaji, wazazi wao wenyewe, na kuwaeleza tofauti ya kuimeza zebaki na kuivuta. Shule za ufundi zitengeneze retoti za mfano. Serikali za vijiji zitenge mahali pamoja pa kuchomea, mbali na makazi, shule na visima, na nguo za kazi zisiingizwe ndani ya nyumba. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho makao yake ni Butiama, kishirikiane na Mkemia Mkuu wa Serikali katika kupima hewa, nywele, udongo na samaki, na matokeo yarudishwe kwa Kiswahili kwa watu waliopimwa.

Walimu nao wachukue tahadhari. Zebaki yenyewe isitumiwe kamwe katika majaribio ya darasani. Maji, birika na bomba la baridi vyatosha kuonyesha kanuni yote. Kipimajoto cha zamani kikivunjika, madirisha yafunguliwe, wanafunzi watoke, na matone yakusanywe kwa karatasi ngumu na kutiwa katika chupa yenye kifuniko. Yasifagiliwe, maana ufagio huyatawanya.

Gharama ya hayo yote si kubwa. Yahitaji vipande vya bomba, mahali pa wazi, na saa chache za walimu walio tayari kutoka nje ya lango la shule. Mto ukigeuka mweusi tena, hatutakosa watu wa kupiga kelele, na wapige. Lakini mtoto anayelala usiku huu katika kibanda ambamo amalgamu ilichomwa jioni hana mto mweusi wa kumtetea. Hana ila jirani aliyesoma kemia.